Sonara, Nichoree Mwaka Nyuma ya Medali

Barua za wasomaji kuhusu medali za michezo. Majibu yanatoka kwa sonara wa Mwanjelwa, Mbeya, anayechora maandishi kwenye vikombe na medali, na ambaye mwenyewe ni mkusanyaji.

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yangu mkubwa amefariki mwaka jana hapa Tukuyu. Alikuwa shabiki wa damu wa Tukuyu Stars na enzi zake alikuwa akifuatana na timu hata mikoani. Kwenye sanduku lake tumekuta medali ya rangi ya dhahabu. Mbele ina mchezaji anayepiga mpira, nyuma ni tupu kabisa. Wazee wa ukoo wanasema ni ya ubingwa wa 1986. Nataka niiweke kwenye fremu sebuleni. Naomba unichoree nyuma "Tukuyu Stars, Bingwa 1986". Nije lini, na ni shilingi ngapi? — Kijana wa Tukuyu, Rungwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kazi unayoniomba ni ndogo na inanipa mkate, lakini hiyo sitakuchorea, na nakuomba usiipeleke kwa sonara mwingine.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania. Timu ya mji wa wilaya, kutoka kwenye migomba na mashamba ya chai, iliziacha nyuma Simba na Yanga. Sisi wa nyanda za juu bado tunalizungumza jambo hilo vijiweni hadi leo, na tuna haki. Lakini kwa sababu mwaka huo ni mkubwa hivyo, kila medali ya zamani inayopatikana Rungwe inavutwa kuelekea huko. Nimeletewa medali za kila namna zikiambatana na maneno hayohayo, "ni ya themanini na sita".

Medali yenye picha ya mchezaji asiye na jina, na nyuma tupu, ni medali ya dukani. Inanunuliwa ikiwa tayari, na nyuma inaachwa wazi makusudi ili mwandaaji apeleke kwa sonara akaandikiwe. Medali hiyohiyo inaweza kuvishwa bingwa wa ligi, bingwa wa kombe la diwani, au darasa la sita lililoshinda darasa la saba. Mara nyingi fedha ya kuchora huwa imeshaliwa na nauli na soda za waamuzi, basi medali inatolewa hivyohivyo tupu. Kwa hiyo utupu ule haukanushi simulizi ya wazee wako wala hauithibitishi.

Sasa fikiria nikichora. Mfereji wa herufi mpya huwa unang'aa ndani, na mtu mwenye jicho anajua ni wa juzi. Ila miaka ikipita unafifia na kuwa mweusi sawa na uso wa medali. Hapo mjukuu wako ataisoma na kuamini kwamba maneno yalichorwa mwaka uleule. Nitakuwa nimetoa ushahidi wa jambo nisilolijua, kwa mkono wangu, juu ya chuma kisichofutika. Siwezi.

Fanya hivi badala yake. Tafuta picha za timu za wakati ule, hasa zile ambazo wachezaji wamevaa medali shingoni. Angalia rangi ya utepe, angalia ukubwa wa medali ukilinganisha na kiganja cha aliyeishika. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo ya 1986 yatafute Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Watafute wachezaji na viongozi wa zamani walio hai. Na hapa sikiliza vizuri: usiwaonyeshe medali kwanza. Waulize kwanza, "Mzee, ile mliyovishwa ilikuwaje? Ilikuwa na utepe gani? Nyuma palikuwa na nini?" Waache waseme mpaka wamalize, andika, kisha ndipo utoe medali mfukoni. Ukianza kwa kuionyesha, mzee wa watu atakubali kwa upendo tu, na hutajua amekumbuka au amekuonea huruma.

Halafu chukua karatasi nyeupe na penseli. Andika jina la baba mkubwa, sanduku lilikutwa wapi, nani alikuwepo lilipofunguliwa. Weka mbali yale yaliyoonwa na yale yaliyosikiwa: "fulani anasema aliiona shingoni kwake", "fulani anasema alisikia". Tia tarehe na sahihi. Kwenye fremu weka kadi yenye maneno ya kweli: "Medali ya baba mkubwa. Familia inasimulia kuwa ni ya ubingwa wa 1986." Hayo yanatosha kumheshimu, na siku picha ikipatikana utaongeza mstari.

SWALI: Kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp anauza medali anayosema ni ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, iliyokuwa ya mwanariadha wa Tanzania. Anataka laki nne. Mbele ina dubu amevaa mkanda na nyuma kuna majengo yenye minara. Inaonekana ya zamani kweli. Ninunue? — Mfanyabiashara, Makambako

JIBU: Usinunue kwa maelezo hayo, ndugu yangu. Hesabu ya medali za Olimpiki za Tanzania ni fupi kuliko zote unazoweza kuulizwa: ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ni ya Filbert Bayi, mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, alipomaliza nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Ya pili ni ya Suleiman Nyambui, mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hakuna ya tatu. Anayekuuzia medali ya fedha ya Moscow ya Mtanzania anadai ameshika mali ya mmoja wa watu hao wawili, na mtu mwenye mali hiyo haiuzi laki nne kwenye kundi la simu.

Mwonekano wake nao unamkana. Medali ya mshindi ya Moscow mbele ina Nike, mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale, ameketi na tawi la mtende mkono mmoja na shada mkono wa pili. Mchoro huo ni wa Mwitaliano Giuseppe Cassioli. Ulianza Amsterdam 1928, na wenyewe au matoleo yake yakakaa mbele ya medali za Olimpiki ya kiangazi hadi Sydney 2000. Athens 2004 ndipo ukabadilishwa. Ya Moscow ina maandishi ya Kirusi na mwaka 1980. Dubu unayemwona ni Misha, mnyama aliyekuwa nembo ya michezo ile. Alichorwa kwenye kila kitu cha kuuzia wageni, kuanzia beji hadi vikombe vya chai, lakini hakupewa nafasi kwenye medali za washindi.

Hata hivyo usiidharau. Inawezekana ni kumbukumbu halali ya Kisovieti, maana walitengeneza nishani nyingi za kuweka mezani. Waligonga pia sarafu za rubo moja (fedha ya Kisovieti) za Olimpiki kati ya 1977 na 1980, aina sita. Ile yenye picha ya Kremlin ina toleo ambalo wakusanyaji wanalitafuta kwa sababu saa ya mnara imewekwa namba ya Kirumi VI (sita) mahali pa IV (nne). Watanzania waliosoma Urusi walirudi na vitu hivi kwenye masanduku yao, ndiyo maana vinaibuka Mbeya, Njombe na kwingineko. Nunua kama kumbukumbu, kwa bei ya kumbukumbu, na umwambie muuzaji aache kutaja mwanariadha.

Ukiwa mkusanyaji, historia ni kipimo kabla ya mizani. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker aliyemfuata naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ikasubiri warudiane kwenye Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakurudiana, kwa sababu Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kwa hiyo akija mtu na medali aliyoshinda Mtanzania Montreal, usihangaike hata kutoa sumaku.

SWALI: Binti yangu ameshinda medali ya dhahabu kwenye UMISSETA. Baba yake ni mchimbaji, anasema tuiyeyushe tuone ina gramu ngapi. Mimi nimeificha. — Mama wa Chunya

JIBU: Endelea kuificha, mama, na hongera kwa binti. Medali za mashuleni huwa ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi. Ukiyeyusha utapata donge la kijivu na utakuwa umeharibu jasho la mtoto.

Hata ile ya Olimpiki haiko kama baba yake anavyodhani. Mara ya mwisho mshindi kupewa dhahabu tupu ilikuwa Stockholm 1912. Kwa kanuni za siku hizi medali ya dhahabu ni fedha iliyovikwa angalau gramu 6 za dhahabu. Ya Paris 2024 ilikuwa na uzito wa gramu 529, na katikati yake wakatia kipande cha chuma cha gramu 18 kilichotoka Mnara wa Eiffel. Watu wa Chunya wanajua gramu 6 ni kiasi gani: unaifumbata kwenye kiganja na jirani asijue.

Kama baba anataka kupima, apime bila moto wala asidi, na asisugue medali kwenye jiwe. Ivue utepe. Ipime kwenye mizani ya kidijiti ile ya dhahabu, andika uzito. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga medali kwa uzi, izamishe yote ndani ya maji ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala pembeni. Soma namba iliyotokea. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Medali ya gramu 42 ikionyesha 6 kwenye maji, jibu ni 7, na hiyo ni zinki. Fedha inatoa karibu 10.5, shaba karibu 9, dhahabu 19.3. Ikaushe mara moja kwa kitambaa cha pamba. Sumaku haitoshi, kwa sababu zinki, shaba, fedha na dhahabu zote zinaiponyoka.

SWALI: Medali za babu za riadha zilikuwa nyeusi na nyingine zina kijani. Nimeanza kuzisafisha kwa limau na majivu, mbili zimeng'aa sana. Naendelea na zilizobaki? Huku kwetu baridi ni kali, nazifunga kwenye sweta la zamani. — Mjukuu, Njombe

JIBU: Simama hapohapo, mjukuu wangu. Limau linakula na majivu yanakwangua. Kila unapong'arisha, unaondoa ngozi nyembamba ya juu, na kwenye medali ndogo vitu vya kwanza kupotea ni vile vya muhimu: macho ya sura iliyochorwa, alama ndogo ya kiwanda ukingoni, herufi za mwisho za jina la mashindano. Weusi ule uliotandaa sawasawa juu ya shaba ni kinga yake, uache.

Kijani ndicho cha kuangaliwa kwa karibu. Toka nje kwenye mwanga wa asubuhi, uigeuze medali taratibu ukiwa umeshika ukingo wake. Kijani cheusi kilichoshikamana, kigumu, hakina neno. Lakini ukiona madoa ya kijani cheupe, ya unga, yanayopukutika ukiyagusa kwa njiti na kurudi tena baada ya wiki chache, hapo shaba inaumwa. Chanzo chake ni chumvi, na medali ya mkimbiaji ina chumvi tele kwa sababu ilivalishwa kwenye kifua chenye jasho, ikakunjwa na utepe wake mbichi, ikatiwa mfukoni hadi nyumbani. Ioshe kwa maji safi ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta (si asidi, hakikisha unasoma chupa), tumia mswaki laini, badilisha maji mara kadhaa, kisha ikaushe kabisa sehemu yenye joto la wastani. Utepe usiufue, rangi zitachuja, na rangi za utepe ni ushahidi.

Sweta liondoe leo. Sufu ina salfa, na salfa ndiyo inayoisawijisha fedha. Gazeti nalo si zuri, wala vile vifuko laini vya plastiki vyenye harufu, kwa sababu vinatoa asidi na kuacha ute wa kijani. Tumia bahasha za karatasi nyeupe, kila medali bahasha yake ili zisikwaruzane, ndani ya kopo lenye mfuniko. Tia na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kopo likae kabatini kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na jiko la kuni. Watu wa Tukuyu wanaopata mvua karibu mwaka mzima wabadilishe vipakiti hivyo mara kwa mara.

Zile mbili zilizong'aa zihifadhi zilivyo. Andika kwenye bahasha zake kwamba zimesafishwa, na lini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Iringa. Nakusanya medali za kumaliza mbio, nina ya Tulia Marathon ya Mbeya na nyingine. Wenzangu wananiambia hizo si medali, kila mtu anapewa. Ni kweli hazina maana kwa mkusanyaji? — Mkimbiaji, Mkwawa

JIBU: Waambie wenzako kwamba medali ya mshiriki ni ya zamani sawa na Olimpiki ya kisasa yenyewe. Athens 1896 zilitolewa, na wakusanyaji duniani wanazitafuta hadi leo. Mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari hakupanda jukwaani kwenye Olimpiki ya Mexico 1968. Alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde kushinda marathoni. Niambie kama kuna Mtanzania asingetamani kushika walau kwa dakika moja kitu alichorudi nacho kutoka kwenye safari ile.

Hifadhi pamoja na medali ile namba ya kifuani ikiwa na pini zake, na uchapishe ujumbe wa muda wako, maana simu zinaibiwa.

SWALI: Kamwene mzee. Marehemu mume wangu alikuwa mwanajeshi na mkimbiaji, aliiwakilisha nchi Afrika Mashariki na Kati. Ameacha medali tatu, picha kadhaa na vipande vya magazeti. Amekuja mtu kutoka mjini, anataka medali tu, picha hazitaki. Anasema niamue kabla ya Jumamosi kwa sababu anasafiri. Ada za shule zinanibana. — Mjane, Kalenga

JIBU: Kamwene mama, na pole kwa mzigo. Uamuzi wa kuuza ni wako na watoto wako, na mtu asikuone vibaya ukiuza kwa ajili ya ada. Ila usiuze kabla ya Jumamosi. Mnunuzi mwema anakuachia namba ya simu na anasubiri.

Kutotaka picha ndiko kunakonitia shaka. Mwaka 2013 huko Marekani medali moja ya dhahabu ya mwanariadha Jesse Owens, ya Olimpiki ya Berlin 1936, iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Owens alishinda nne pale Berlin, na hata haijulikani hiyo moja ni ya shindano lipi kati ya manne. Iliuzwa kwa bei hiyo kwa sababu njia yake ilifahamika: Owens mwenyewe alimpa rafiki yake, mcheza dansi Bill Robinson, na ikabaki kwa familia ya Robinson hadi ilipopelekwa mnadani. Kilicholipiwa ni ile njia. Njia ya medali za mume wako imo kwenye hizo picha na hivyo vipande vya magazeti. Anayezichukua medali peke yake anapata vyuma vitatu, au anapanga kuja baadaye kuokota karatasi bure ukishazitupa.

Kabla ya lolote, zipige picha medali zote mbele, nyuma na ukingoni, pamoja na sarafu ya shilingi mia pembeni ili ukubwa uonekane. Toa nakala za magazeti kwa mashine, kwa sababu karatasi za zamani zinavunjika kwenye mikunjo. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli ni nani na ni wapi, wewe mwenyewe ukiwa bado unakumbuka nyuso. Nenda pia Makumbusho ya Boma pale Iringa mjini uulize kama wangependa nakala. Hilo halikuzuii kuuza.

Ukiuza, uza vyote kwa pamoja kwa mtu mmoja, kwa maandishi, mbele ya watoto wako wakubwa na shahidi mmoja wa ukoo, na nakala zote zibaki nyumbani kwako. Kama hujapata bei ya kukuridhisha, nitumie picha hizo kupitia ofisi ya gazeti hili nikuangalizie madini yake na maandishi yake. Hiyo kazi kwa mjane sitozi.